Somo: Kukata picha ya ukuta, anzia pembezoni

Juzi nilikaa karibu saa nzima mbele ya ukuta wa duka karibu na soko la Kibuye, Kisumu. Buluu imebambuka, chini yake kijani, chini ya kijani chokaa, na unyevu umepanda ukaacha mstari wa kahawia. Picha ya kwanza ilikuwa ukuta tu. Ilibadilika nilipoikata, yaani nilipopunguza kingo zake kwenye simu. Lengo letu ni picha ya maumbo na rangi tu, mtazamaji asahau kuwa ni ukuta.

1. Simama sambamba na ukuta, ukiwasha gridi ya simu, ile mistari ya kunyooshea picha kwenye kioo. Simu ikiinama, mistari hukimbia na jicho huona jengo badala ya maumbo.

2. Usiogope jua la utosini. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, hivyo Machi na Septemba mwanga wa adhuhuri huteremka ukiparaza ukuta, na kila gamba la rangi hutupa kivuli chini yake. Ukuta unaotazama mashariki upige kabla kidogo ya saa sita na nusu. Wa magharibi, saa saba ikishapita. Juni tafuta unaotazama kaskazini.

3. Sogea karibu, lakini bakiza nafasi ya kukata. Picha ya pikseli (vidoti vinavyounda picha) 4000 kwa 3000 ina megapikseli 12, yaani pikseli milioni 12. Ukibakiza nusu ya kila upande, unabaki na 3 tu.

4. Sasa kata, na usitazame katikati. Pitisha kidole kwenye kingo zote nne, polepole. Doa jeupe likigusa ukingo, jicho hutorokea hapo. Umbo likikaribia ukingo bila kuukata, linasumbua: likate waziwazi au lipe nafasi. Picha yangu ilikuwa na msumari juu kulia, mdogo kama punje ya mchele, nao ulimwambia kila mtazamaji ukubwa halisi wa ukuta. Nilipouondoa, ule mstari wa unyevu ukawa ufuo, na buluu ikawa maji. Kisha igeuze picha juu chini. Ikilemea upande mmoja, rudi ukate tena.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, ukuta wangu una tangazo. Nifute maandishi?
Usifute. Kata mpaka herufi zisisomeke. Jicho likipata neno zima husoma, haliangalii tena. Mpiga picha Aaron Siskind wa Marekani alipiga picha za kuta zilizochakaa tangu miaka ya 1940, na vipande vya herufi kwake ni maumbo kama mengine.

Na mabati?
Migongo yake iende sawa na ukingo, au ilale mshazari kabisa. Ikiinama kidogo tu huonekana umekosea.

Mwenye duka alinifukuza. Nifanyeje?
Piga hodi kwanza, ueleze unachotafuta, na umwonyeshe picha kabla hujaondoka. Mama mwenye ule ukuta wa Kibuye aliitazama simu yangu kimya, halafu akanipeleka nyuma ya duka kwenye ukuta mwingine wenye tabaka nne za rangi.