Dalali mwenzangu, kabla hujafungua tovuti

Tangazo la nyumba halina umri mrefu. Jumatatu unapiga picha chumba, sebule na choo ndani pale Sinza Kumekucha, unaandika laki tatu kwa mwezi, kodi miezi sita, na Alhamisi mpangaji ameshalipa. Sasa Google haiendi kwa mwendo huo. Ukurasa mpya unaweza kukaa wiki nzima na zaidi kabla haujaanza kuonekana, na tovuti ngeni huhesabu miezi kabla ya kupata wasomaji wa kueleweka. Ndiyo maana dalali anafungua blogu, anamwaga matangazo arobaini, simu haiiti, anarudi Instagram na kuapa kwamba Google haina kitu. Alipeleka samaki wabichi kwenye ghala la mahindi.

Kinachokaa ni ukurasa wa mtaa. Nyumba ya Kumekucha itapangishwa leo, lakini mwakani bado kuna mtu atakayeuliza kama Kumekucha maji yanatoka, kodi zinaanzia wapi, na ukishuka kwenye daladala usiku unatembea njia gani. Huyo ndiye msomaji wako, na kabla hujamlipa mtu yeyote senti moja ya kutengeneza tovuti, jiulize una nini cha kumwambia.

Kwa hiyo la kwanza ni daftari. Chagua mitaa mitatu au minne unayoifanyia kazi kweli, si Dar es Salaam nzima, halafu nenda ukaipitie kwa miguu kama mgeni. Mimi Tabata Segerea nilidhani naijua. Jumapili moja asubuhi nikashuka kituoni na saa mkononi, nikatembea hadi kwenye nyumba ambayo siku zote nilikuwa naiandika "dakika tano kutoka lami". Dakika kumi na nne, na kuna kilima. Nikakaa kwenye genge la mama mmoja pale jirani, nikanunua nyanya za buku, nikamuuliza habari za maji. Akanihesabia siku yanapotoka, akaniambia nani mtaani ana kisima na anauza dumu shilingi ngapi, halafu akanionyesha kwa kidevu upande wa chini: "Kule usimpeleke mtu mwenye kapeti, mwezi wa nne wanahama na magodoro." Miaka yote ile nilikuwa nimepeleka watu kule.

Maneno ya mama yule hayapo kwenye tovuti ya mtu mwingine yeyote. Andika mambo ya namna hiyo: luku ni ya kila mpangaji au mnachangia, gari dogo linafika getini masika, wenye nyumba wa eneo lile wanashikilia miezi sita au mwaka, kelele za baa zinaisha saa ngapi, mwendokasi ni wa kutembea au wa bodaboda. Ukishindwa kujaza kurasa mbili za daftari kwa mtaa mmoja, bado hujawa tayari, na si aibu. Rudi Jumapili ijayo.

Jambo la pili ni majina, na hapa wengi tunajikwaa kwa sababu sisi tunaongea Kidalali. Chukua "Mbezi". Iko Mbezi Beach, Barabara ya Bagamoyo, kuliko na Tangi Bovu, na iko Mbezi Luis ya Barabara ya Morogoro, yenye stendi ya mabasi ya mikoani ya Magufuli. Ukitaka kutoka moja kwenda nyingine unazunguka kupitia Goba. Ukurasa ulioandikwa "Nyumba ya kupanga Mbezi" unamleta mtu wa Mbezi Luis kwenye nyumba ya Tangi Bovu, anaona bei, anafunga, na wewe umempoteza yeye pamoja na yule aliyekuwa anatafuta Mbezi Beach. Hivyo hivyo Sinza: mtu hatafuti Sinza tu, anatafuta Mori, Palestina, Afrikasana, Makaburini, Kwa Remmy. Kimara nako kuna Baruti, Korogwe, Temboni, Suka. Andika jina ambalo konda analitaja, kwa sababu ndilo mpangaji atakaloandika.

Namna ya kuthibitisha haina gharama. Shika simu yako, fungua Google, anza kuandika "nyumba ya kupanga" na jina la mtaa, usimalizie. Ile orodha inayojitokeza chini ni maneno ambayo watu huandika. Shuka mwisho wa ukurasa wa majibu, mara nyingi utakuta mengine. Yaandike daftarini kama yalivyo, "kupanga" na "kupangisha" yote mawili, hata kama mwalimu wako wa Kiswahili angenuna. Na amua lugha mapema. Mteja wa Kinyerezi anatafuta kwa Kiswahili. Anayetaka apatimenti Masaki au Oysterbay, mara nyingi mgeni wa shirika au ubalozi, anaandika Kiingereza. Kuchanganya lugha zote mbili kwenye ukurasa mmoja huwa hakumfurahishi yeyote kati yao.

Nyumba moja ya Dar inaweza kushikwa na madalali saba. Wote wana picha zilezile zilizotumwa na mwenye nyumba kwa WhatsApp, wote wamenakili maneno yaleyale, hadi kosa la "nyumba nzuli". Google ikikutana na kurasa zinazofanana hivyo huzikusanya na kuchagua mojawapo ya kuonyesha, na usitarajie itachagua ya aliyeanza jana. Basi jizoeshe kabla: andika maelezo ya nyumba kumi kwa maneno yako, bila kuangalia ya mwenzako. Ukiona ya kumi inafanana na ya kwanza, ujue umeacha kuangalia nyumba. Na amua leo utafanya nini nyumba ikipata mtu. Ushauri wangu ni usiufute ukurasa. Andika juu kabisa kwamba imeshapangishwa, uweke kiungo cha kwenda kwenye ukurasa wa mtaa na nyumba zilizobaki.

Picha. Piga mwenyewe, mchana, mapazia yakiwa wazi, na upige mambo yanayoulizwa: mita ya luku, tangi la maji, njia ya kuingilia. Picha moja ya simu janja inaweza kuwa na MB tatu au nne. Weka kumi na umemla mteja bando lake kabla hajaona jiko. Zipunguze hadi ziwe chini ya KB mia mbili, simu yenyewe ina programu za kufanya hivyo bure. Halafu uijaribu tovuti kwenye simu ya bei rahisi, si kwenye laptopu ya fundi. Oktoba 2023 Google walitangaza kwamba wamekamilisha zoezi la kuzisoma tovuti kwa sura yake ya simu kwanza, kwa hiyo kama kwenye simu maandishi yamebanana, kwao pia yamebanana.

Kabla ya kupakia, zima ile alama ya mahali kwenye kamera. Picha hubeba vipimo vya eneo ndani yake, na mwenye akili anaweza kuvitoa, akamfuata mwenye nyumba moja kwa moja. Ukirukwa kwa namna hiyo hutajua hata aliyekuruka. Usipige namba ya nyumba, namba za magari wala watoto wa mpangaji anayehama. Hili si adabu tu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na ikaanza kutumika 1 Mei 2023. Omba ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, hata ujumbe wa WhatsApp unaosema "nakubali uweke picha" ni bora kuliko kumbukumbu. Na tafadhali, hati ya kiwanja usiibandike mtandaoni eti kuthibitisha kwamba ni halali. Unawapa matapeli nakala safi.

Kwenye viwanja ndiko kwenye maswali mengi kuliko nyumba za kupanga, na majibu yake hayachakai upesi. Watu wanauliza tofauti ya hati na karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Wanauliza leseni ya makazi ni nini, miaka 33, 66 na 99 ya hati maana yake nini, upekuzi unafanywaje kwa Msajili wa Hati. Wanauliza kama mume wa kizungu anaweza kuandikwa kwenye hati, na hapo Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 iko wazi: asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Ukiandika haya, mpe mwanasheria asome kabla. Kosa kwenye tangazo unalirekebisha, lakini mtu aliyenunua kwa kuamini ukurasa wako atakuja na ndugu zake.

Upande wa serikali, Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilitoka 2018, zikaandikwa upya 2020, zikarekebishwa 2022. Dalali mwenzako atakuambia leseni ya kuweka maudhui mtandaoni inahitajika au haihitajiki kutegemea mwaka aliousikia. Ulizia TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, wenyewe, upate jibu la leo.

Sasa fundi. Nilimlipa kijana mmoja, mchapakazi kweli, akanitengenezea tovuti nzuri, akanisajilia na jina la .co.tz. Baada ya mwaka akabadili namba. Kumbe jina lile lilisajiliwa kwa barua pepe yake, muda wa kulipia ukapita, na kurasa zangu za Segerea zikaondoka nalo. Domeini, yaani hilo jina la tovuti, isajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako, nywila zote ziwe kwako, na Google Search Console ifunguliwe siku ya kwanza kwa akaunti yako, maana ndiyo itakayokuonyesha watu waliandika nini hadi wakakufikia. Akija mwingine anakuahidi nafasi ya kwanza Google ndani ya wiki mbili, mpe maji ya kunywa aende. Google wenyewe wameandika kwamba hakuna awezaye kuihakikisha.

Google Business Profile, yaani ukurasa wa biashara yako kwenye Google na ramani zake, ni bure, ifungue. Kama huna ofisi, unaweza kuficha anwani na kutaja maeneo unayohudumia. Tumia jina unalojulikana nalo, bila kulibebesha "nyumba bei nafuu Dar", na usisajili kila nyumba kama biashara. Kanuni zao zinakataza.

La mwisho ni simu. Anayekupata Google mara nyingi hakujui, na wengine hawako hata nchini. Mwaka jana alinipigia mama mmoja wa Muscat kuhusu kiwanja cha Kibada, Kigamboni. Hakuuliza bei. Aliuliza kama picha ya njia niliyoweka ni ya masika au ya kiangazi. Nikafungua daftari: ya Aprili, siku mbili baada ya mvua kubwa, na bajaji iliyonipeleka ilikwama mara moja tu. Akasema, "Haya baba, nitumie na namba ya huyo wa bajaji, ndugu yangu akaone."