Kabla hujatoboa gari lenye waranti

Kwa miaka minane nilipokea magari kwenye karakana moja Barabara ya Nyerere, na mitano kati ya hiyo nilishika dawati la madai ya waranti. Kila asubuhi alikuja mtu na gari alilolihangaikia miaka, kadi ya sevisi mkononi, akitumaini kutengenezewa bure. Wengi walitengenezewa. Wale niliolazimika kuwarudishia fomu zao, wengi wao walikuwa wamefunga kitu kwenye gari bila kuuliza kwanza. Hawakuwa wazembe, ni kwamba hakuna aliyewaambia. Hilo liliniuma wakati ule na linaniuma mpaka leo, ndiyo maana naandika.

Anza kwa kuhakikisha kwamba waranti unayo kweli. Magari mengi tunayoyaona Dar yameshuka bandarini yakiwa yameshatumika Japani, na waranti ya kiwandani haikupanda nayo meli. Ninaowaandikia ni walionunua gari jipya kwa wakala, au yadi iliyowapa waranti kwa maandishi, na zaidi wale waliolipia miaka ya nyongeza.

Nyongeza hiyo isome peke yake. Waranti ya kiwandani ni ahadi ya aliyeunda gari kwamba kazi yake haina kasoro. Nyongeza ni mkataba mwingine, mara nyingi na muuzaji au kampuni ya bima, na una orodha yake ya vifaa vinavyolindwa na visivyolindwa. Kwa kawaida huwa mkali zaidi. Nimewahi kufunguliwa kijitabu cha kiwandani na mama mmoja ambaye gari lake lilikuwa na miaka minne. Kijitabu kilikuwa kimeshaisha muda, na mkataba uliokuwa ukimlinda siku ile alikuwa ameuacha nyumbani kabatini, haujafunguliwa. Mikataba hii mingi imeandikwa kwa Kiingereza kizito. Kama kinakuchosha, mpe ndugu au mtoto aliyepo chuo akutafsirie kifungu kimoja tu, kile kinachotaja mambo yasiyolindwa. Hapo ndipo yanapokaa maneno kuhusu mabadiliko na vifaa ambavyo si vya kampuni iliyounda gari.

Sasa niwaambie mkaguzi wa madai ya waranti anavyofikiri. Akiinama chini ya gari lako haulizi kama umefunga kitu. Anauliza kama ulichofunga kimegusa kilichoharibika. Ukilielewa swali hilo, utajua mwenyewe nyumbani kabla hujaja kaunta.

Kaka mmoja wa Tabata alileta pikapu ya milango minne yenye kilomita elfu arobaini na kidogo. Beringi za mbele zilikuwa zinalia, na AC haitoi baridi. Gari lilitoka kiwandani na matairi ya 265/65 rimu 17, yeye akaweka 285/70 na rimu zilizochomoza nje. Nilipomwambia beringi hazitapita alikaa kimya, kisha akasema, "Kwa hiyo na AC nayo basi, dada?" Nikamwambia hapana kaka yangu, AC tunaifungulia fomu yake. Beringi zilikataliwa kwa sababu tairi pana lililosogea nje linazikandamiza kwa namna ambayo hazikuundiwa. Kompresa ya AC haina habari na tairi, ikakubaliwa ndani ya wiki. Kama angeandika matatizo yote mawili kwenye fomu moja, yangeweza kukataliwa pamoja. Kwa hiyo kila tatizo lifungulie dai lake, hata kama mpokeaji anakwambia unasumbua.

Na tairi hizo zina jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Ile ya 265/65 ina kimo cha sentimita 77.6 hivi, ya 285/70 inafika 83. Ni ongezeko la asilimia 7. Kipimo cha dashibodi kinapoandika kilomita 10,000, gari limeshatembea kama 10,700. Unakuja sevisi ukiamini umewahi, kumbe oili imepitiliza. Mkaguzi anayejua hesabu hii ataitumia.

Umeme ndio uliovunja mioyo ya watu wengi kwenye dawati langu. Redio kubwa, spotilaiti, alamu, kifaa cha kufuatilia gari, kamera ya nyuma. Vifaa vyenyewe mara nyingi havina ubaya. Ubaya uko kwenye waya. Fundi anamenya waya wa kiwandani chini ya dashibodi, anazungushia wake, anafunga soleteipu. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, na baada ya misimu miwili ya mvua shaba ile inakuwa ya kijani. Taa zinaanza kuwaka zenyewe, kompyuta ya gari inapata taarifa za uongo, na mkaguzi akiona soleteipu ile tu, mfumo wote wa umeme unatoka kwenye waranti. Mwambie fundi maneno haya, na usimame hapo mpaka amalize: moto utoke kwenye betri moja kwa moja, kuwe na fyuzi yake karibu na betri, kuwe na rilei (swichi inayobeba umeme mkubwa), na waya wa kiwandani usikatwe wala usimenywe. Balbu za wati 100 mahali pa 60 ziogope pia. Zinavuta zaidi ya ampea 8 kwenye soketi iliyoandaliwa kwa 5, na soketi inayeyuka.

Gesi nitaizungumzia kwa kirefu kidogo kwa sababu ni jambo letu hasa, sisi wa Dar. Gesi ya Songo Songo inafika hapa tangu 2004, na foleni za kujaza gesi Ubungo zimeonyesha watu wanavyoikimbilia. Siwalaumu, petroli inaumiza. Ila kufunga gesi kunagusa karibu kila kitu ambacho waranti ya injini inakilinda: nozeli, waya za kompyuta, moto wa plagi, vali. Petroli huingia na unyevunyevu unaosaidia kupooza vali. Gesi huingia kavu, na kama mfumo haukupimwa vizuri, siti za vali huliwa taratibu. Mzee mmoja wa Kimara alikuja injini inatetemeka asubuhi. Tulipofungua kichwa cha injini, vali zilikuwa zimezama. Hakuwa na karatasi yoyote, si ya aliyemfungia wala ya muuzaji. Nilimpa shikamoo alipoingia, na alipotoka sikuwa na neno la kumwambia.

Mwingine, mwalimu wa Mbezi, aliuliza kabla. Alijibiwa kwa barua kwamba injini na mfumo wa mafuta vitatoka kwenye waranti, na giaboksi, usukani, AC na breki zitabaki. Akapiga hesabu ya mafuta anayotumia kwenda na kurudi Posta kila siku, akaamua kufunga, akaenda DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, kwa watu wenye utaalamu huo, akatunza hati ya mtungi. Mtungi ule unabeba mgandamizo wa baa 200 hivi, kwa hiyo hati yake ni ya usalama kabla hata ya waranti. Alikuwa anajua anachokiachia na anachokipata. Huo naona ni uamuzi halali kabisa.

Kuichezea kompyuta ya gari ili iongeze nguvu, mimi nasema usifanye mpaka waranti iishe. Kompyuta nyingi za siku hizi huhesabu mara zilizoandikwa programu, na ukirudisha ya zamani hesabu inabaki. Kuinua gari kunahitaji tahadhari kwa sivijointi (viungo vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu) na usukani, na hakukupi ruhusa ya kupita Jangwani mvua zikijaa. Maji kuingia kwenye injini si kasoro ya kiwanda. Vitambaa vya viti, mazulia, stika, keria iliyokaa kwenye matundu yake ya asili, hivi havijawahi kunifanya nikatae dai hata moja.

Namna ya kuuliza ndiyo muhimu. Ukiuliza "inaruhusiwa?" utajibiwa hapana, kwa sababu hapana haimgharimu anayejibu. Andika hivi, kwa barua pepe au ujumbe unaoweza kuuhifadhi: "Gari langu namba ya chesisi fulani limetembea kilomita kadhaa. Nataka kufunga kifaa hiki, kwa fundi huyu. Naomba mnieleze kwa maandishi ni sehemu zipi zitatoka kwenye waranti yangu ya nyongeza, na zipi zitabaki." Kisha uliza pia kama wao wenyewe wanacho kifaa hicho. Kikiuzwa na kufungwa na wakala, mara nyingi waranti inakifuata.

Siku ya kufunga piga picha kabla na baada, dashibodi ionyeshe kilomita. Dai risiti ya mashine ya EFD yenye jina la kifaa. Fundi asiye na mashine akuandikie kwa mkono, aweke sahihi na namba ya simu. Vifaa vya asili ulivyovua usiviuze Gerezani. Viweke stoo, maana siku moja vinaweza kurudishwa ili ionekane tatizo limetoka wapi. Lakini usivirudishe kwa siri usiku kabla ya kuleta gari. Alama za bolti zinaonekana, na mteja aliyekamatwa akidanganya hata dai lake la kweli linatiliwa shaka. Nimeliona, na ni aibu kwa pande zote.

Wateja wengine walinionyesha video kwamba sheria inamtaka mwenye kampuni athibitishe kifaa chako ndicho kilichosababisha uharibifu. Sheria hiyo ipo, ni ya Marekani, ya mwaka 1975, Magnuson-Moss. Haitakusaidia kwenye mahakama ya Kisutu. Hapa kwetu una mkataba wako, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inayomlinda mlaji, chini ya Tume ya Ushindani. Kama waranti yako imetolewa na kampuni ya bima, malalamiko yanaweza kufika TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Na bima yako kubwa ya gari nayo ijulishwe mabadiliko. Huo ni mkataba wa tatu na una masharti yake.

Ukikataliwa, usiondoke na jibu la mdomo. Omba barua inayotaja sehemu iliyoharibika, kifaa kinacholaumiwa, na namba ya kifungu. Muulize mkaguzi, kwa upole, akueleze kifaa hicho kimeiharibu vipi sehemu ile. Kama hawezi kueleza, andika kwamba hakueleza, na tarehe. Omba sehemu iliyoharibika isitupwe, uondoke nayo ikiwa imefungwa kwenye mfuko, kwa sababu fundi wa pili utakayempelekea hawezi kusema lolote kuhusu chuma asichokiona.