Kupanga Likizo ya Baiskeli Katika Vilima vya Rwanda, kwa Aliyezoea Barabara za Tanga

Tanga ni mji wa baiskeli. Watu huenda nazo sokoni, kazini, shuleni na msikitini, na kwa kuwa mji wenyewe umekaa tambarare kando ya bahari, gia moja huwatosha wengi wetu maisha yote na kilomita thelathini ni shughuli ya asubuhi moja tu. Mazoea hayo ndiyo humponza anayeamua kwenda kuendesha baiskeli Rwanda, kwa sababu hufungua ramani, akagawanya kilomita kwa idadi ya siku alizonazo, kisha siku ya pili akajikuta anasukuma baiskeli mlimani huku jua linazama na nyumba ya kulala wageni bado iko mbali.

Njia ninayoizungumzia hapa ni ile inayofuata mwambao wa Ziwa Kivu, kutoka Rubavu upande wa kaskazini, kupitia Rutsiro, Karongi na Nyamasheke, hadi Rusizi upande wa kusini. Urefu wake ni kilomita 227, na sehemu kubwa ni ya udongo, ingawa ipo pia barabara ya lami inayounganisha miji hiyo hiyo, ambayo mtu anaweza kuihamia akichoka au mvua ikiharibu njia. Imepewa jina la Kongo na Nile kwa sababu ya safu ya milima iliyo juu yake, ambayo hugawa maji ya nchi: yanayotiririka magharibi huishia mto Kongo, na ya mashariki huishia Nile.

Jambo la kwanza katika kupanga ni kuhesabu kupanda. Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na Rubavu na Rusizi zote ziko jirani na maji, kwa hiyo anayelinganisha mwanzo na mwisho ataona tofauti ndogo sana ya kimo na kudhani kuwa njia ni tambarare. Si hivyo. Mwambao una ghuba nyingi, na kila ghuba ina kilima chake ambacho unakipanda, unakishuka hadi karibu na maji, kisha unaanza kingine. Kinachochosha miguu ni jumla ya vipando hivyo vyote. Chora njia yako katika programu ya ramani inayoonyesha mwinuko, usome jumla ya mita za kupanda kwa kila siku, na uiandike pembeni ya kilomita. Kipimo ninachokitumia mimi, nikiwa na mizigo, ni kilomita 15 kwa saa, kisha naongeza dakika 15 kwa kila mita 100 za kupanda. Kwa hesabu hiyo, siku ya kilomita 45 yenye mita 1,000 za kupanda inachukua saa tano na nusu za kuendesha, bila kuhesabu chakula, pancha, wala kusimama kutazama ziwa, ambako hakuepukiki. Wengi huimaliza njia nzima kwa siku tano. Mtu wa pwani nampa sita, na siku ya kwanza iwe fupi kuliko zote.

Mazoezi, kwa bahati nzuri, hayahitaji kuvuka mpaka. Barabara ya lami kutoka Mombo hadi Lushoto ina kilomita 33 hivi na inapanda karibu mita elfu moja, na ile ya Muheza kwenda Amani inakupa udongo, mawe na kona zinazofanana zaidi na utakayoyakuta Kivu. Mara ya kwanza nilipojaribu ile ya Mombo nilianza kwa kasi ya Tanga mjini, na nilipofika Soni nilikuwa nimekaa chini ya mti nikiwapungia mkono abiria wa mabasi. Siku hiyo nilijifunza kwamba mlima hupandwa kwa mwendo unaomwezesha mtu kuzungumza. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza gia. Fanya zoezi hili mwishoni mwa kila juma kwa miezi miwili, na mara mbili za mwisho ulifanye ukiwa na mizigo utakayosafiri nayo.

Kuhusu chombo chenyewe, Phoenix ya gia moja, pamoja na heshima yake yote pale soko la Mgandini, ibaki nyumbani. Tafuta baiskeli ya milimani, hata ya mtumba, ambayo gurudumu la meno la nyuma lililo kubwa zaidi lina meno mengi kuliko dogo la mbele. Kwa mfano, ukiwa na meno 32 mbele na 34 nyuma, mzunguko mmoja wa pedeli hauzungushi gurudumu hata mara moja kamili, na huo ndio wepesi utakaouhitaji kwenye mlima mkali. Mpelekee fundi wako wa Ngamiani aikague mnyororo, spoki na nyaya, na umwambie wazi kwamba breki ndizo muhimu kuliko vyote. Kwenye mteremko mrefu, anayebana breki mfululizo huzipasha moto hadi zikapoteza nguvu. Bana kwa nguvu, achia, bana tena, na ufanye hivyo kabla ya kona badala ya kuwa ndani yake. Beba raba za breki za akiba, tyubu mbili, viraka na solusheni, pampu, na kipande cha akiba cha kuunga mnyororo.

Nguo ziwe chache, lakini sweta lisikose, kwani jioni za Kivu zina baridi ambayo mtu wa Tanga huijua kwa kusimuliwa tu. Chakula hakisumbui: viazi, ndizi za kupika, maharage na mishikaki ya mbuzi hupatikana vituoni, na kando ya ziwa waulizie sambaza, samaki wadogo walio kama dagaa wetu.

Miezi ya kwenda ni Juni hadi Agosti, au ule ukavu mfupi wa Januari na Februari. Masika ya Machi hadi Mei hugeuza udongo wa vilimani kuwa utelezi usiofaa hata kusukumia. Angalia pia kalenda kwa ajili ya umuganda, yaani kazi ya pamoja ya usafi na ujenzi inayofanyika Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi: asubuhi hiyo, kuanzia saa mbili hadi saa tano, maduka hufungwa na magari hupungua sana, kwa hiyo siku hiyo ifanye ya mapumziko. Rubavu inapakana na Goma, mji ulioingia katika mapigano makubwa Januari 2025. Fuatilia matangazo ya usalama kabla ya kuondoka, na hali ikiwa si nzuri anzia Karongi uelekee kusini.

Kwa basi, njia ya kawaida hupita Dodoma, Singida na Kahama hadi mpaka wa Rusumo, kwenye daraja la mto Kagera. Beba pasipoti, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na risiti ya baiskeli endapo afisa wa forodha atauliza kama ni bidhaa ya kuuza. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, hivyo funga vitu vyako kwa nguo au mifuko ya kitambaa. Saa yako irudishe nyuma kwa saa moja. Ukishavuka, magari huenda upande wa kulia. Hatari huwa kubwa zaidi asubuhi, unapotoka na usingizi kwenye barabara tupu, na kila unapokata kona. Bandika karatasi yenye mshale kwenye usukani hadi uzoee.

Baiskeli inapopakiwa, toa gurudumu la mbele, geuza usukani, na ufungue pedeli ukikumbuka kwamba ya kushoto hufunguka kwa kuzungushwa upande wa kukazia. Kinga gia ya nyuma kwa boksi, maana ikipinda hutaipata nyingine njiani kwa urahisi. Kurudi kutoka Rusizi, panda basi la Kigali linalopita msitu wa Nyungwe, ambako barabara hufika kimo cha zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kabla hujakata tiketi hakikisha kwa macho yako kwamba buti lake lina nafasi. Acha siku moja tupu kati ya siku ya kufika Rusizi na siku ya basi.