Mtoto Kaugua Msimu wa Shule: Namna ya Kumwonyesha Daktari kwa Simu

Shule zikifunguliwa, mafua, kikohozi, kuhara, macho mekundu na upele huletwa nyumbani pamoja na begi. Mtoto mdogo anaweza kushikwa na mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka na bado akawa na afya njema. Mengi ya maradhi haya daktari huyamaliza kwa simu ya video, ila hawezi kugusa shingo, kusikiliza kifua wala kuchungulia ndani ya sikio. Anategemea macho yako, saa yako na kipimajoto chako. Ukimpa namba, atakupa uamuzi. Ukimwambia tu "homa kali, anapumua vibaya", hana la kufanya ila kukuambia umpeleke hospitali.

Asiyepaswa kusubiri simu

Mtoto asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea asiamke vizuri, mwenye shingo iliyokakamaa au midomo iliyogeuka rangi kuwa ya bluu au kijivu: mpeleke hospitali sasa hivi, simu utapiga mkiwa njiani. Vilevile mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la 38 au zaidi, hata kama anacheka.

Upele uliokuja na homa, ukandamize kwa ubavu wa glasi ya kioo. Vipele visipofifia chini ya glasi, ni dharura. Kwenye ngozi nyeusi tazama viganja, nyayo na ndani ya kope, maana kwingine havionekani kirahisi.

Mvulana akisema tumbo la chini limemshika ghafla, muulize pia kuhusu korodani. Wengi huona haya na kusema ni tumbo. Korodani ikijisokota hukosa damu na inaweza kufa ndani ya saa chache, na hakuna daktari anayeweza kuinusuru kwa video.

Kabla ya kupiga

Pima uzito wa leo. Kilo za mwaka jana zitaharibu hesabu ya dawa. Mtoto asiyetulia kwenye mizani, jipime wewe peke yako, kisha ukiwa umembeba, halafu toa. Joto la kwapani: futa jasho, ncha ya kipimajoto iguse ngozi na si nguo, bana mkono wake mpaka kilie. Andika namba, saa, na mahali ulipopimia, kwa kuwa kwapa husoma chini kidogo kuliko mdomo. Kama alishakunywa dawa ya homa, andika saa aliyoinywa. Joto la 37.2 lililopimwa saa moja baada ya dawa halimwambii daktari mengi.

Andika pia alikojoa mara ya mwisho saa ngapi, anatumia dawa gani nyingine, dawa gani humdhuru, na chanjo alizokwisha kupata. Ziweke chupa zote za dawa mezani, lebo zikiwa zinasomeka.

Video ya kupumua

Kwa mtoto anayekohoa, hiki ndicho kitu chenye thamani kuliko vyote utakavyotuma, na ndicho kinachoharibiwa mara nyingi zaidi. Kirekodi kabla ya simu, ukitume. Usitegemee simu ya moja kwa moja, kwa sababu picha huganda na kuruka, na daktari hawezi kuhesabu pumzi zilizoruka.

Mvue mtoto nguo hadi kitovuni. Awe ametulia, akiwa amelala ni bora zaidi. Akilia au akiwa ametoka kukimbia, ngoja. Egemeza simu kwenye kitu kisichotikisika, kifua na tumbo vionekane vyote, mwanga utoke ubavuni ili vivuli vya mbavu vijitokeze. Rekodi dakika nzima. Kuhesabu sekunde 15 kisha kuzidisha mara 4 hupotosha, maana watoto hupumua kwa vipindi visivyo sawa. Kila kifua kinapopanda ni pumzi moja. Miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Kwa mkubwa zaidi ya hapo, zikizidi 30 akiwa ametulia mwambie daktari mara moja. Kisha tazama chini ya mbavu: pakibonyea ndani kila anapovuta pumzi, funga safari ya hospitali bila kungoja kuunganishwa. Zima redio na televisheni, kwa sababu mlio wa filimbi au mkoromo nao humsaidia daktari.

Koo, sikio, macho na ngozi

Kwa koo, mwelekeze mtoto dirishani, mwingine ashike tochi, mtoto atoe ulimi na kuhema kwa mdomo wazi. Ulimi hushuka wenyewe. Rekodi video fupi badala ya picha, daktari atachagua sekunde inayofaa. Ikiwa mate yanamchuruzika na hawezi kumeza, au sauti imebanwa, usiingize kijiko wala kidole kinywani. Hiyo ni dharura. Koo lenye homa, tezi za shingo zilizovimba na madoa meupe, bila kikohozi, huhitaji kupimwa kwa pamba inayopanguswa kooni. Usimbembeleze daktari akuandikie antibiotiki bila kipimo. Kwa mafua hazifanyi kazi kabisa, na kwa koo la bakteria lazima dozi iishe yote, kwani maradhi hayo yasipotibiwa yanaweza kuja kuharibu vali za moyo.

Sikio ni udhaifu wa simu: ngoma ya sikio haionekani. Daktari anaweza kukupa dawa ya maumivu na kukutaka usubiri siku 2 au 3. Likitoa usaha, au nyuma ya sikio pakivimba, aonwe ana kwa ana.

Macho mekundu, chawa, choa na vipele vya kuwasha hutibika vizuri kwa picha. Piga mchana karibu na dirisha, bila flashi: picha moja ya mbali ionyeshe sehemu ya mwili, nyingine ya karibu, na sarafu kando kwa kulinganisha ukubwa. Jicho linaloumia mwangani au lisiloona vizuri halisubiri. Picha za sehemu za siri za mtoto usizitume; tatizo la huko lipelekwe kliniki.

Mnakoishi kukiwa na malaria, homa yoyote ipimwe damu, hata mafua yanapoonekana dhahiri. Jicho la daktari kwenye simu haliwezi kuitofautisha malaria na homa nyingine.

Wakati wa simu

Piga asubuhi. Ukiambiwa uende hospitali saa 3 asubuhi, maabara ziko wazi. Ukiambiwa saa 3 usiku, utahangaika. Mtoto awepo, si wewe uko kazini unasimulia ulichoachiwa asubuhi. Uso wake uelekee mwanga, na namba ya kawaida ya simu iwe tayari mtandao ukikatika. Kwa daktari mgeni, uliza jina kamili na namba ya usajili, uihakikishe kwenye orodha ya baraza la madaktari.

Kabla hajakata, mrudie maelezo kwa sauti: ugonjwa gani, dawa gani, miligramu ngapi, mililita ngapi, kila baada ya saa ngapi, kwa siku ngapi, na ni dalili gani itanifanya nirudi kwako au niende hospitali. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika.

Dawa ya homa

Makosa mengi hutokea hapa, baada ya simu. Kiwango cha kawaida cha parasetamoli kwa mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, dozi na dozi ziachane angalau saa 4, zisizidi 4 ndani ya saa 24. Mtoto wa kilo 16 mwisho wake ni miligramu 240 kwa dozi moja. Chupa yenye miligramu 120 katika mililita 5, hiyo ni mililita 10. Chupa yenye miligramu 250 katika mililita 5, ni mililita 4.8. Ukimpa mililita 10 za chupa hii ya pili umempa miligramu 500, zaidi ya maradufu. Kwa hiyo msomee daktari lebo, usimwambie rangi ya chupa. Pima kwa bomba lenye alama za mililita, kwa sababu vijiko vya jikoni havilingani. Angalia pia dawa ya mafua: nyingi zina parasetamoli ndani. Ibuprofeni usimpe anayetapika, anayehara au mwenye tetekuwanga bila kuuliza. Aspirini usimpe mtoto wa chini ya miaka 16 ila daktari ameagiza.

Anayehara apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti. Pakiti ikikosekana, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa. Mwenye miaka 2 na zaidi, mililita 100 hadi 200 kila baada ya choo cha maji. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea kidogo kidogo kwa kijiko.

Kurudi shule

Homa: saa 24 bila joto na bila dawa ya kulishusha. Kuhara au kutapika: saa 48 tangu mara ya mwisho. Tetekuwanga: mpaka malengelenge yote yakauke na kushika magamba. Surua: siku 4 kamili tangu upele ujitokeze. Mwenye chawa hana sababu ya kukosa masomo, anza tu matibabu siku hiyohiyo. Kikohozi cha mafua huweza kubaki hadi wiki 3 wakati mtoto anakula na kucheza, naye anaweza kuhudhuria. Kikizidi hapo, au akipungua uzito, au akiloa jasho usiku, simu haitoshi tena: kifua hicho kisikilizwe na kupimwa kliniki.