Kumfuatilia babu wa Kinorwe aliyekwenda Marekani akarudi kwao

Baba alipofariki niliachiwa sanduku lake la zana. Chini ya randa mbili na patasi zilizoshika kutu kulikuwa na futi ya mbao ya kukunja, yenye bawaba za shaba. Fundi wa mitumbwi tunayefahamiana pale Mwaloni, Kirumba, aliiazima wiki hiyohiyo wala hakuona la ajabu, maana mafundi wetu hadi leo wanakata mbao kwa futi na inchi. Mimi ndiye niliyeigeuzageuza. Inchi upande huu, inchi upande wa pili, sentimita hakuna, na pembeni herufi U.S.A. zimefutika nusu. Baba alikuwa Mnorwe, na Norwe ilipitisha sheria ya mita mwaka 1875. Nikakumbuka maneno yake: "Babu yangu alikwenda Amerika, akachoka, akarudi." Hakusema zaidi, na sisi watoto hatukuuliza zaidi. Ni babu wa baba, lakini hapa nitamwita babu tu.

Safari hiyo nimeitafuta kwa miezi minane, usiku baada ya kufunga kijiduka changu cha steshenari, kwa kompyuta ya dukani na bando la simu. Wenzangu wawili wenye damu ya kuchanganya kama mimi (Mwanza tupo, usitushangae) wameniuliza nilivyofanya. Basi ni hivi.

Usianze na meli. Mimi nilianza na meli, nikaandika jina la babu kwenye tovuti ya Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji pale New York, nikaletewa watu mamia. Tatizo ni majina yenyewe. Zamani Mnorwe wa kijijini hakuwa na jina la ukoo. Lars mtoto wa Ola aliitwa Lars Olsen, dada yake akaitwa Olsdatter, na watoto wa Lars wakawa Larsen na Larsdatter. Sheria ya kila familia kushika jina moja ilikuja 1923. Juu ya hayo mtu aliongezewa jina la shamba analoishi, na akihama shamba, jina nalo linahama. Shamba likiitwa Haugen, maana yake ni kilimani tu, na vilima Norwe haviishi. Ni sawa na kumtafuta "Juma wa Kilimahewa" kwa kuuliza stendi ya Nyegezi. Mama yangu, Msukuma wa Magu, nilipomweleza alicheka sana: kumbe na wao huitana kwa baba zao! Akapenda zaidi aliposikia kwamba mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba. Desturi hiyo itakusaidia: ukikuta familia ambayo mtoto wa kwanza hana jina la babu unayemjua, jiulize mara mbili kama ni familia yako.

Kwa hiyo kabla ya kufungua tovuti yoyote, tafuta vitu vitatu: jina la kwanza, tarehe ya kuzaliwa, na shamba au usharika aliotoka. Cha tatu ndicho ufunguo. Kiulize kwa wazee wakiwa hai, kitafute nyuma ya picha, kwenye Biblia, kwenye bahasha. Mimi nilikipata kwenye muhuri wa posta: Vanse, kwenye rasi ya Lista, kusini kabisa mwa Norwe. Hapo nilianza kuona njia, kwa sababu watu wa Lista walizoea kwenda Brooklyn, New York, kufanya useremala na kurudi. Hata leo pale Vanse kuna mahali panapoitwa Brooklyn Square.

Sasa ingia Digitalarkivet. Hii ni tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka ya taifa la Norwe, na ni bure kabisa. Ina vitabu vya kanisa vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na sensa za 1865, 1875, 1900, 1910 na 1920. Sensa zao hufungwa miaka mia moja, ndiyo maana ya 1920 ilifunguliwa tarehe 1 Desemba 2020. Herufi å na æ utazipata ukibonyeza a kwa muda kwenye simu, na ø ukibonyeza o. Kumbuka karatasi za zamani huandika aa badala ya å. Usipokuwa na hakika ya tahajia weka nyota mwishoni mwa jina, mfano Ol*, halafu punguza kwa mwaka wa kuzaliwa na usharika. Hapo usiwe na haraka. Mimi nilikaa miezi mitatu na mtu asiye wangu, jina lilelile, mwaka uleule, usharika tofauti. Nilishafika hadi kwenye maziko yake, na nilishamhuzunikia.

Anza na sensa ya 1910. Katika karatasi zote hii ndiyo ninayoipenda. Norwe ilikuwa nchi ndogo inayomwaga watu: katika miaka mia moja tangu jahazi la Restauration lilipong'oa nanga Stavanger, Julai 1825, waliondoka zaidi ya watu 800,000. Lakini hawakuondoka wote moja kwa moja. Kwa walioondoka baada ya 1880, inakadiriwa kama robo walirudi. Serikali ikataka kuwajua, ndipo kwenye sensa ya 1 Desemba 1910 ikaweka maswali ya pekee kwa waliorudi kutoka Marekani: uliondoka mwaka gani, umerudi mwaka gani, uliishi wapi kule, ulifanya kazi gani. Usitosheke na orodha iliyochapwa upya. Fungua picha ya karatasi yenyewe, ikuze, usome kila safu hadi ukingoni.

Ya kwangu niliifungua saa tano usiku, umeme ukiwa umekatika mara mbili. Mwandiko umelala kulia, wino umepauka. Babu, amezaliwa 1878, ameoa, seremala. Chini yake mkewe. Chini yake mtoto wa kiume aliyezaliwa 1904, mahali pa kuzaliwa palepale Lista. Kisha mtoto wa kike, 1907, na kwenye safu ya mahali pa kuzaliwa neno moja: Brooklyn. Halafu kitoto cha 1909, Lista tena. Kwenye maswali ya waliorudi: ameondoka 1902, amerudi 1909. Nilisoma mara tatu ndipo nikagundua kasoro. Kama aliondoka 1902 akarudi 1909, huyu mtoto wa 1904 wa Lista ametoka wapi? Bibi alipata mimba kwa posta?

Jibu ni kwamba alikwenda mara mbili, na karani wa sensa hakuwa na nafasi ya mambo mengi. Waliokwenda mara mbili au tatu ni wengi, kwa hiyo usifunge hesabu kwa safari moja. Weka watoto kwenye mstari mmoja kwa tarehe na mahali walipozaliwa. Watoto wataeleza alikokuwa baba yao kuliko baba mwenyewe.

Ndipo sasa urudi kwenye meli. Kila aliyeondoka kwenye bandari kubwa aliandikwa na polisi kwenye daftari la wahamiaji: jina, umri, kazi, alikotoka, anakokwenda. Madaftari ya Kristiania, ambayo sasa ni Oslo, na ya Trondheim yanaanza 1867, ya Bergen 1874, na mengi unaweza kuyatafuta palepale Digitalarkivet. Angalia jambo moja: meli iliyoandikwa huenda ni ile ya kuvuka hadi Hull, Uingereza, tu. Kutoka Hull walipanda treni hadi Liverpool, wakapanda meli nyingine ya kuvuka Atlantiki. Usipoiona meli hiyo New York usikate tamaa. Kulikuwa pia na meli za kampuni ya Kidenmaki zilizotoka Copenhagen, zikapitia Kristiania na Kristiansand, kisha New York moja kwa moja, na watu wa kusini kama babu yangu walizitumia sana. Usipomwona kwenye daftari pia si mwisho. Sisi wa Mwanza, tangu MV Bukoba ilipozama, tarehe 21 Mei 1996, hatuhitaji kufundishwa kwamba orodha ya abiria na watu waliomo ndani ni vitu viwili.

Upande wa Marekani, Ellis Island ilifunguliwa 1892, na orodha zake unaziona bure ukijiandikisha. FamilySearch, tovuti ya kutafutia ukoo, nayo ni bure. Tafuta kwa jina la kwanza, mwaka wa kuzaliwa na kijiji, jina la mwisho liache au liwekee nyota, maana mtu huyohuyo anaweza kuwa Olsen kwenye meli na Haugen kwenye sensa. Ukimpata, nenda kwenye safu ya kulia inayouliza kama amewahi kufika Marekani, lini na wapi. Kwa babu, Aprili 1905, karani ameandika ndiyo, Brooklyn, 1902 hadi 1903. Safu moja hiyo ikamaliza ubishi wa mtoto wa 1904. Safari hii alikuwa na mkewe, na tiketi amelipa mwenyewe. Kama safari ni ya baada ya 1907, utapata pia jina la ndugu aliyeachwa nyumbani na anakoishi, pamoja na urefu wa mtu na rangi ya macho.

Sensa za Marekani ni za kila miaka kumi, ila ya 1890 karibu yote iliteketea baada ya moto wa 1921 Washington. Kwa mtu aliyekaa katikati, kama babu, sensa ya taifa ya 1900 inamkuta bado hajafika na ya 1910 inamkuta ameshaondoka. Hapo jimbo la New York linakuokoa: lilikuwa na sensa yake Juni 1905, nyingine 1915 na 1925. Nilimkuta humo, kwenye nyumba ya kupanga iliyojaa maseremala wa Kinorwe.

Safari ya kurudi ndiyo ngumu, nikuambie ukweli. Bandari huandika mgeni anayeingia, mwenyeji anayerudi kwao nani ana haja naye? Vitabu vya kanisa vina orodha za waliohamia usharikani, lakini wengi hawakujisumbua kuandikishwa. Dawa ni kubana muda kati ya matukio mawili. Binti alibatizwa Brooklyn Septemba 1907, kitoto kikabatizwa Vanse Novemba 1909, basi walirudi kati ya hapo. Kisha pekua madaftari ya hati za ardhi, wanayaita pantebøker, uone alinunua shamba mwaka gani, maana pesa ya Brooklyn wengi waliileta kwenye udongo.

Kuna mtu kwenye mtandao nilimlipa dola sitini anitafutie. Alinirudishia kurasa zilezile nilizokwisha kuzipakua mwenyewe, tena bila safu za kulia. Pesa hiyo ingenipa bando la miezi. Ukikwama, andika barua pepe kwa hifadhi ya nyaraka ya mkoa husika, kwangu ni ya Kristiansand. Barua iwe fupi, swali moja, taja shamba, usharika na tarehe ya kuzaliwa. Ukipiga simu kumbuka wao wako nyuma yetu saa moja kiangazi na saa mbili majira ya baridi.

Nimemtumia binamu yangu kule Lista picha ya karatasi ya 1910 na picha ya ile futi. Karatasi ameisifu. Futi anasema ni ya ukoo, inapaswa kurudi nyumbani. Nimemjibu kwamba iko Mwaloni, kuna mtumbwi wa futi ishirini na nane haujaisha.