Unataka kutoa Windows uweke Linux na laptopu bado ina waranti? Anza na haya

Wiki hii watu wawili wameniuliza kitu kilekile, mmoja ni chalii anasoma Arusha Technical na mwingine ni dada mwenye steshenari pale Kaloleni: nikifuta Windows nikaweka Linux, waranti inakufa? Jibu fupi ni kwamba haifi, ila ukienda dukani kichwakichwa utaambiwa imekufa na utarudi nyumbani na laptopu yako mbovu kwapani, kwa hiyo soma mpaka chini.

Kwanza ujue hiyo waranti ni ya nini. Kampuni kama Dell, HP au Lenovo wanakupa waranti ya vyuma, yaani kioo, mazabodi, kibodi, feni, SSD, vikifa vyenyewe ndani ya muda wanatengeneza au wanabadilisha. OS, yaani mfumo endeshi kama Windows au Linux, ni habari nyingine. Ukiitoa ile iliyokuja nayo wanaacha tu kukusaidia mambo ya programu, usiwapigie simu kuuliza kwa nini Ubuntu (aina mojawapo ya Linux) haishiki wifi, hapo pambana mwenyewe. Halafu hao hao wanauza laptopu zenye Linux tokea kiwandani, Dell walitoa XPS 13 ya Ubuntu mwaka 2012 na Lenovo wana ThinkPad kadhaa zinazokuja na Ubuntu au Fedora, sasa mtu anaanzaje kukwambia Linux inaunguza mazabodi?

Ila nisikudanganye, mara chache OS imewahi kugusa chuma kweli. Mwanzoni mwa 2013 kuna laptopu za Samsung ambazo ukiziwasha na Linux kwa UEFI (mfumo mpya wa kuwashia kompyuta) zinakufa moja kwa moja, na Desemba 2017 Ubuntu wakalazimika kuondoa toleo la 17.10 watu wasiendelee kulipakua kwa sababu lilikuwa linavuruga BIOS (ile programu ya kuwashia iliyo kwenye mazabodi) ya baadhi ya laptopu, nyingi za Lenovo, wakalirudisha limerekebishwa Januari 2018. Ndo maana mimi kwenye mashine yenye waranti siwekagi toleo lililotoka jana, nachukua LTS, yaani toleo linalotunzwa miaka mingi, ambayo wenzangu wameshaihangaikia miezi kadhaa. Na ukibandika BIOS mpya ya kuokota mtandaoni hapo usimlaumu mtu, waranti umeichinja mwenyewe.

Kuna na hii ya Windows 10, maana msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025 na mafundi wengi mjini wanapiga Windows 11 kwa kuruka masharti ya TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa. Microsoft wenyewe wanakuonyesha onyo kwamba ukilazimisha kwenye mashine isiyokidhi, uharibifu wa kutoendana haulindwi na waranti ya mtengenezaji. Watu wanaogopa Linux kumbe onyo lililoandikwa kabisa liko kwenye Windows. Japo laptopu ya hivyo mara nyingi ni ya zamani, waranti yake ilishazikwa.

Haya, huku kwetu shida kubwa ni duka. Laptopu nyingi za Arusha na Moshi ni used za Ulaya na Marekani au mpya zilizopitia Dubai, waranti ya kiwanda ama imeisha ama ni ya nchi nyingine, kwa hiyo unachobaki nacho ni neno la muuzaji, miezi mitatu au sita, kaandika kwa peni nyuma ya risiti. Masharti ya hiyo anajitungia yeye, wengine wanabandika stika kwenye skrubu na wanakwambia ukigusa Windows wao hawapo. Sheria ya Ushindani ya 2003 inamlinda mlaji na Tume ya Ushindani, FCC, ndo ya kupeleka malalamiko, lakini nani anataka kesi kwa ajili ya feni? Kabla hujalipa muulize tu kistaarabu, kaka, nikibadilisha Windows waranti ya vyuma inabaki? Akisema inabaki aandike hapohapo na agonge muhuri. Akianza kujikuna kichwa, nenda duka la pili. Na siriali namba iliyo chini ya laptopu (Dell wanaiita Service Tag) iingize kwenye tovuti ya kampuni hapohapo dukani kwa bando lako, utaona tarehe ya kuisha na nchi, muuzaji asikupige sound.

Umeshanunua? Usifute kitu bado. Hakikisha unaweza kuirudisha kama ilivyokuja. Tafuta flashi ya GB 32, tengeneza rikavari ya kampuni husika, Dell, HP na Lenovo wote wana programu ya bure ya kutengeneza, ila andaa bando la kutosha maana mafaili ni makubwa, mimi nafanyaga usiku. Habari za lesensi usiumize kichwa, tokea enzi za Windows 8 funguo inakaa ndani ya BIOS ya laptopu iliyotoka kiwandani na Windows, ukirudisha edisheni ileile ukaunga intaneti inajiaktiveti. Isipokuwa zile laptopu za bei poa zinazotoka na FreeDOS (OS ndogo ya bure, siyo Windows) halafu duka wakakupigia windo ya kukraki, hizo hazina funguo yoyote na hiyo windo haikutoka kiwandani, mkumbushe muuzaji akianza kelele.

Angalia pia BitLocker, lile kufuli la Windows linalofunga diski, kama imewashwa. Hapa wengi wanalia. Ukigusa mambo ya Secure Boot (kinga inayokagua OS wakati wa kuwasha) inaweza kukudai namba 48 za rikavari, huna hizo namba mafaili yamekwenda, kwa hiyo zitoe mapema kwenye akaunti yako ya Microsoft uandike kwenye karatasi. Ukimaliza, nakili diski nzima kwa Clonezilla (programu ya bure ya kunakili diski) uiweke nakala kwenye eksteno, yaani diski ya nje. Kama huna stika ya skrubu na unajua kufungua, njia ninayoipenda kuliko zote ni kutoa SSD ya kiwanda, kuitia kwenye droo, na kuweka Linux kwenye SSD nyingine. Siku ikiharibika unairudisha ile.

Sasa ikiharibika. Mimi feni ilikufa mwezi wa tano tokea ninunue, nikaipeleka dukani, kijana kuona tu Linux inawaka akasema brother umetoa windo, hiyo programu yako ndo imeua feni. Nilikasirika lakini sikubishana, niliizima nikaiwasha kwa ile testi iliyo ndani ya BIOS, haihitaji OS yoyote, ikasema feni haijibu na ikatoa namba ya kosa. Hapo akamwita bosi wake. Hiyo testi ijue kabla hujaihitaji: Dell unabonyeza F12 wakati inawaka unachagua Diagnostics, HP ni F2, ThinkPad nyingi F10. Piga picha ya namba hiyo kwa simu. Ikikataa kuonyesha kosa lolote, rudisha Windows kwanza uone kama tatizo bado lipo, maana wao hicho ndo kitu cha kwanza watakuomba.

Maji, kuanguka na umeme wa kurudi kwa kishindo havimo kwenye waranti ya kawaida hata ukiwa na Windows safi ya kiwandani, kwa hiyo usiwapelekee laptopu inayonuka chai ukaanza kutetea Linux.

Wakikubali kuipokea, toa mafaili yako yote kwanza, mara nyingi inapandishwa basi kwenda Dar na wakibadilisha diski au mazabodi hakuna atakayekuuliza kuhusu picha za harusi. Andikishana siriali namba na hali ya kioo. Yangu ilirudi baada ya wiki tatu na feni mpya, imepigwa na windo juu bila mtu kuniuliza, nikaitoa jioni ileile.