Kuku wa soko la Kisutu, Dar es Salaam, hadi sufuriani bila kuugua tumbo

Kuku anaweza kuonekana mzima kabisa huku utumbo wake umebeba bakteria wa kuharisha kama salmonela au kampilobakta. Ndiyo maana hatari kubwa ipo wakati wa kumtoa matumbo: utumbo ukipasuka, kinyesi huchafua nyama. Kata kuzunguka tundu la nyuma, vuta taratibu, kisha nawa mikono kwa sabuni sekunde 20 kabla hujagusa kitu kingine.

Usimwoshe chini ya bomba. Matone huruka hadi kwenye kachumbari. Ukilazimika, tumia beseni lake peke yake, kisha lisugue kwa sabuni. Kisu na kibao cha nyama visiguse mboga. Siku ya joto la nyuzi 32 na zaidi, nyama isikae nje kupita saa moja.

Pika hadi paja, karibu na mfupa, lifike nyuzi 74. Huna kipimajoto? Chana hapo hapo. Nyama ikiwa bado ya waridi na mbichi, irudishe motoni. Wachomaji wengi hukosea hapa: moto mkali mno, nje imeungua, ndani bado.

Mtu akiharisha, mpe ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), kwa kawaida pakiti moja kwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Akiharisha damu au akipata homa kali, mpeleke zahanati, usimnunulie antibayotiki dukani.